Ulimi wa Raddad

Nusair bin Khalaf alirithi vitu viwili kwa baba yake: chuma na kinywa. Chuma kilikuwa kikaango cha kahawa chenye mpini mrefu kama mkono wa mtu mzima, na kilikuwa kimeshalambwa na wezi, wazinzi, wauaji na watu wasio na kosa lolote wa jangwa la Sinai tangu enzi za Waturuki. Kinywa kilikuwa chake mwenyewe, na habari zake alizijua vizuri mkewe Hisna peke yake, ambaye hakuwahi kuziomba.

Habari za chuma zilijulikana na kila mtu. Likitokea jambo lisilo na shahidi, mtuhumiwa aliletwa kwa Nusair. Alisukutua, akawaonyesha wasikilizaji watatu, wazee wa kushuhudia hukumu, ulimi wake, Nusair akakitoa chuma motoni kikiwa chekundu, na mtuhumiwa akakilamba mara tatu. Kisha alisukutua tena, wote wakaketi kuzungumza habari za mvua, na baada ya kahawa ulimi ukatolewa tena. Ukiwa na malengelenge, chuma kimemshika. Ukiwa safi, kitambaa cheupe kilipandishwa juu ya hema lake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumtaja tena kwa jambo lile. Mwenye kumtaja aliibeba hatia hiyo mwenyewe. Serikali ilipiga marufuku desturi hii kila baada ya miaka kadhaa, na katikati ya marufuku moja na nyingine ilimletea Nusair kesi zake.

Kinywa ndicho kilichokuwa taabu. Nusair akisimama pale damu ilipomwagika, au akikaa karibu na mtu aliyeimwaga, ladha ilimjia ulimini: ile ladha aliyokuwa nayo muuaji mdomoni saa ya kuua. Kulikuwa na mtu aliyemsukuma mpwa wake kisimani akiwa ametoka kula vitunguu, na Nusair hakugusa kitunguu mwaka mzima. Hisna alilalamika kwamba wanaume wengine hurudi nyumbani na nyama, wake hurudi na mate ya watu. Lakini sheria ilikuwa wazi. Hukumu ilikuwa ya ulimi wa mtuhumiwa, si ya ulimi wa mlambishaji, na babu, baba na mwana walikuwa wameishika hivyo bila kuulizana.

Kapteni Wagdi alipokuja kumchukua kwa pikapu ya polisi ampeleke kwenye maiti, kama maofisa waliomtangulia walivyofanya, alikuwa bado mgeni katika kituo kile. Alitoka nchi ya mashamba na mifereji, ambako wauaji hukaa jirani na hukamatwa wakiwa na viatu vya marehemu.

Sabha, binti mchunga mbuzi, alikuwa amelala kifudifudi kwenye bonde, mbuzi wake wakila vichaka pembeni kana kwamba ni siku yoyote nyingine. Walipomgeuza, kapteni alitoa leso. Kamba ya mbuzi ilikuwa imezama shingoni mpaka haionekani. Mdomo ulikuwa umejazwa mchanga, ukashindiliwa, inaelekea kwa kisigino, kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yamevunjikia ndani na mashavu yamevimba kama ya mtoto anayekataa kumeza.

"Haya, Ami Nusair," kapteni akasema nyuma ya leso. "Mashetani wanasemaje leo?"

"Hawajasema kitu, Pasha. Nina sukari mdomoni."

"Umekunywa chai."

"Nimefunga. Leo Jumatatu."

Kapteni alimtazama, akaona kwamba mzee hakuwa na nia ya kumchekesha. "Sukari. Endelea."

"Mwenye hasira mdomo wake huwa mchungu. Anayeogopa, mdomo wake huwa kama shaba. Huyu alikuwa na chai tamu, sukari nyingi kupita kiasi, na hakuna kitu kingine chini yake. Alikuwa kama mtu aliyekaa harusini."

"Niandike hivyo kwenye ripoti? Mtuhumiwa ni mtu mtamu?"

"Andika hana haraka. Aliyefanya haya atayafanya tena, kwa sababu hayakumgharimu kitu."

Kapteni hakuandika. Alichokuwa nacho kilikuwa majina mawili ya watu walioonekana bondeni siku hiyo, na hakuna shahidi. Basi majina hayo aliyapeleka mahali ambapo majina yasiyo na shahidi hupelekwa.

La kwanza lilikuwa Dhaifallah. Alikuwa ameshagombana na nusu ya jangwa, na nusu nyingine ilikuwa ikingoja zamu. Aliwahi kuiba mbuzi, akawarudisha, akagomba kwamba aliowarudisha ni wengi kuliko aliowaiba. Jina la pili lilikuwa Raddad, na huyo hakuwa na adui hata mmoja. Alikuwa mtu wa kuwashika mkono wazee wanapopanda gari, wa kumbebea mtungi mwanamke asiyemjua, wa kuulizia mbuzi wa watu kwa majina yao. Auda, kaka mkubwa wa Sabha, alimwomba radhi kabla hata chuma hakijapata moto.

"Usijali, ndugu yangu," Raddad alimjibu. "Haki ni haki. Mimi nilambe tu, roho yako itulie."

Dhaifallah alikuja akipayuka. "Kichemshe vizuri, Ami Nusair, nisije nikapata mafua." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini mdomo wa juu ulinata kwenye meno ukabaki hapo, ikabidi aushushe kwa ulimi. Nusair aliliona hilo. Miaka yote alikuwa akiliona kwa wenye hatia, na mara moja moja kwa wengine.

Raddad alilamba kwanza. Alilamba kama mpishi anayeonja mchuzi, mara tatu, kwa utulivu, na mate yalikuwa mengi hata tone moja likaangukia kwenye makaa. Saa hiyo hiyo kinywa cha Nusair kikajaa chai tamu, sukari tele, na hakuna kitu chini yake.

Kisha akalamba Dhaifallah.

Mzee Faraj, mchuuzi wa viberiti na sindano, alikuwa mmoja wa wasikilizaji watatu. Ndiye aliyetangulia kuutazama ulimi wa Dhaifallah, akatikisa kichwa. Lengelenge lilikuwa kubwa kama maharage. Macho yote yakamgeukia mlambishaji, na mlambishaji akasema kile ambacho ulimi ulionyesha, kama babu yake alivyosema, na baba yake.

"Raddad ni safi. Dhaifallah, chuma kimemshika."

Desturi inampa aliyeshikwa siku za kukimbia au kutuma wapatanishi. Auda na ndugu zake waliiheshimu sana desturi hiyo na waliamua kuifuata baadaye. Walimkuta Dhaifallah mbele ya hema lake, mkewe akimpaka samli ulimini. Ulimi ulikuwa umevimba, hakuweza kusema neno, na huenda ndiyo mara pekee maishani mwake alipokuwa na neno la maana. Risasi ya kwanza iliingia tumboni. Aliangukia kamba ya hema, hema likainama upande, naye akaanza kutambaa kuelekea ndani akiyakokota matumbo yake mchangani. Auda alimkalia mgongoni akammaliza kwa kisu, bila ustadi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchunga na si wa kuchinja. Mke alikuwa bado ameshika kibakuli cha samli.

Ubaid, mdogo wake Dhaifallah, alifika mbio akitokea kisimani. Ubaid alikuwa na kigugumizi. Alisimama pale akijaribu kuliita jina la kaka yake, akakwama kwenye herufi ya kwanza, na mpaka jina lilipotoka lote, mwenye jina alikuwa ameshakufa.

Habari zilimfikia Nusair wakati wa chakula. Hisna alisonya, akaufunika wali.

"Ulijua," akasema.

"Chuma ndicho kilichosema."

"Baba Salma, habari za chuma nimezisikia. Nakuuliza wewe."

Nusair alinawa mikono. Hisna akaufunua wali akampakulia, kwa sababu hata mtu wa namna ile lazima ale.

Mwezi haukuisha kabla Mzee Faraj hajaokotwa kando ya njia, viberiti vimemzunguka kama mtu aliyemwagiwa mbegu. Vidole vyake vilikuwa vimevunjwa kimoja kimoja, vikapangwa vizuri juu ya kifua. Kamba ilikuwa shingoni, na mdomo umejaa mchanga.

Kapteni Wagdi safari hii hakutoa leso. "Nini?" akauliza.

"Sukari," akasema Nusair.

"Mwenye sukari ameshazikwa."

"Basi hakuwa na sukari."

Upepo ulichezea viberiti. Kapteni akaomba jina, na Nusair, ambaye miaka yote hakuwahi kulitaja jina lililotoka kinywani mwake badala ya kwenye chuma, alilitaja. Kapteni aliguna.

"Raddad ana kitambaa cheupe juu ya hema. Nikimkamata, nani atasimama kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyetakaswa? Mkuu wangu ataniuliza niliyemkamata amefanya nini, nitamwambia amemwachia mzee mmoja ladha ya chai." Akafikiri kidogo. "Lakini wewe unaweza, Ami. Sema mbele ya watu kwamba siku ile chuma chako kilikosea. Neno moja tu. Nitamfunga pingu kabla birika halijapoa."

Kwa kapteni lilikuwa neno moja. Nusair alilipima njia nzima ya kurudi. Chuma kikikosea mara moja, kimekosea mara ngapi? Kulikuwa na watu wa milimani walioacha kuuana kwa sababu chuma cha baba yake kilimshika mtu wao, wakamtoa, akauawa, wakaoana na maadui zao. Kulikuwa na wajukuu waliozaliwa na ndoa hizo. Kila kaburi lililofungwa kwa chuma lingefunguka, na kila mwana angekwenda kwa mjomba wake akiwa na bunduki kumwuliza kuhusu babu. Dhaifallah alikuwa mtu mmoja. Nusair hakupenda hesabu ya namna hiyo, lakini ndiyo iliyokuwa mbele yake.

Wakati huo huo watu walikuwa wamefikia maelezo yao. Mawazo kwamba chuma kimekosea hayakumjia mtu yeyote, kama mtu aliyepotea njia asivyofikiri kwamba jua limehama. Walisema hivi: Dhaifallah alimuua Sabha, hilo limethibitika. Aliyemuua Faraj ni mtu anayetaka ionekane kwamba Dhaifallah hakuua. Nani angetaka hivyo kama si ndugu yake? Na Faraj ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa. Ilikuwa hoja nzuri, haina tundu hata moja. Ubaid alitakiwa kulamba chuma siku ya Ijumaa, baada ya sala.

"Yule kijana mdomo wake ni mkavu tangu azaliwe," akasema Hisna. "Akiulizwa amelalaje, jasho linamtoka. Utamlambisha?"

"Nikikataa watampeleka kwa mlambishaji mwingine."

"Ataungua."

"Najua."

"Halafu Auda atamchinja, kwa kuwa sasa ameshajifunza."

Kabla ya Ijumaa Nusair alikwenda kumtembelea Raddad. Hakujua anafuata nini. Pengine alitaka kumwona mtu ambaye amekuwa akimwonja.

Raddad alimkaribisha kama baba. Alimtandikia zulia, akamwekea mto, akamwagia mikono maji. Kitambaa cheupe kilipeperuka juu yao. Chai ilikuja, na Nusair alipoipeleka mdomoni hakuhisi tofauti yoyote. Ladha ilikuwa imetangulia kufika.

"Nyingi sukari?" akauliza Raddad.

"Kidogo."

"Kila mtu ananiambia. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo." Akaketi akimtazama mgeni wake kwa upendo. "Una jambo, Ami. Sema. Hapa ni kwako."

"Sabha alikukosea nini?"

Raddad hakushtuka. Alitazama nje, akaona hakuna mtu, ila hakutazama kama mwenye hofu. Alitazama kama mtu anayeangalia kama mvua imekatika.

"Nikikuambia utafanya nini? Ukinitaja unaibeba wewe. Sheria ni yenu, mimi nimeikuta." Akajimiminia chai. "Hakunikosea. Aliniuliza kama nina kiu."

"Na Faraj?"

"Faraj alitaka kunionyesha viberiti vipya. Alisema vinawaka hata vikilowa." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Watu wanapenda sana kusema, Ami. Wewe unalijua hilo kuliko wote, kazi yako ni ndimi. Mimi huwa nasikiliza, nasikiliza, halafu naona mdomo ule ungependeza ukijaa. Baada ya hapo kunakuwa kimya na mimi nakunywa chai yangu."

"Hukukiogopa chuma."

"Kwa nini nikiogope? Kina harufu ya kahawa. Mate yalinitoka." Akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Huyu Ubaid ataungua, eti? Maskini. Nitakuja niwe msikilizaji, mahali pa marehemu Faraj pako wazi. Tayari wameniomba."

Nusair alimaliza chai, kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi, akaondoka. Njiani alisukutua mara tatu nyuma ya kichaka, akarudi kupanda punda wake. Alikuwa amekwenda kumwona mnyama, akamkuta mwenyeji mwema, na sasa alijua kwamba ile kazi ya ukoo wake ilikuwa na mlango uliofunguka upande mmoja. Ilimshika mwenye aibu. Asiye na aibu ilimpandishia kitambaa.

Ijumaa walikusanyika watu wa Auda na watu wa Ubaid, mistari miwili, bunduki magotini. Raddad alikaa kati ya wasikilizaji, kanzu imepigwa pasi. Ubaid alisukutua, maji yakamtoka puani. Bakuli liligonga meno. Auda alikuwa ameshavua joho lake na kulikunja vizuri pembeni, kama mtu anayejua ana kazi mbele. Chuma kilikuwa kwenye makaa. Nusair alikitazama kikibadilika rangi, na alipofungua mdomo alikuwa bado hajajua vizuri atasema nini.

"Kabla huyu hajalamba, nina neno."

Watu wakamgeukia.

"Chuma hakijawahi kukosea. Hakikukosea kwa baba yangu, hakikukosea kwangu. Mimi ndiye niliyekosea. Siku ya Dhaifallah nilihongwa. Chuma cha Raddad nilikitoa motoni mapema, kilikuwa na moto wa kuchemsha mate, si wa kuunguza ulimi. Cha Dhaifallah nilikiacha mpaka kikawa cheupe. Hakuna ulimi wa binadamu unaoweza kuhimili kile."

Auda alisimama polepole. "Nani alikuhonga?"

"Raddad."

"Kwa kitu gani?"

"Ngamia jike, mwenye mimba."

"Na kwa nini unasema leo?"

Nusair alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri. "Hajanipa," akasema.

Hapo watu wote waliamini. Mzee mwenye kutubu wangemtilia shaka, lakini mzee aliyedhulumiwa ngamia walimwelewa mara moja.

Raddad aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu afahamike jangwani, sauti yake ilipanda. "Mwongo huyu. Sijamwahidi hata mkia wa ngamia. Wallahi sijamhonga kitu." Akatazama huku na huku akitafuta nyuso alizozizoea, za wale aliowabebea mitungi na kuwashika mikono. Walikuwa wakitazama chini. "Auda, ndugu yangu, unanijua."

"Basi lamba," akasema Auda. "Kama hukuhonga, lamba tena. Leo hashiki Nusair."

Msikilizaji mkubwa kuliko wote alikitoa chuma, kikiwa na wekundu ule ule wa siku zote. Raddad alikaribia. Alikuwa amezoea kushukiwa mambo aliyoyafanya. Hilo halikuwahi kumsumbua. Hili hakulifanya. Alikuwa amesingiziwa, waziwazi, mbele za watu, na hakukuwa na mtu wa kumwamini, na jambo hilo lilimwingia mwilini kama homa. Mdomo wa juu ukanata kwenye meno. Aliushusha kwa vidole. Kinywani mwa Nusair ile sukari ilikatika ghafla kama kamba, pakabaki vumbi tupu.

Alilamba, na hakukusikika ule mlio mdogo wa mate yanayogeuka mvuke. Ilitoka harufu ya nywele zinazoungua. Alipouvuta ulimi, ngozi ilibaki kwenye chuma. Maisha yake yote Raddad alikuwa amesema uongo mbele za watu na kubaki mzima. Siku aliyosema kweli, chuma kilimshika.

Hakuna aliyesubiri kahawa. Auda alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, na alipoanguka watu wa Sabha, watu wa Faraj na watu wa Dhaifallah, ambao asubuhi walikuja tayari kuuana, walimfikia kwa pamoja. Walitumia mawe, vigingi vya hema na visigino. Mkono mmoja wa Raddad ulikuwa bado umeinuliwa kama anayeomba nafasi ya kusema, mtu akaukanyaga ukavunjika kwenye kiwiko. Kisha mmoja, haikujulikana nani, alianza kumtia mchanga mdomoni, na wengine wakaona hilo ni wazo zuri. Miguu yake iliendelea kuchimba ardhi kwa muda mrefu kuliko mtu angetarajia. Kapteni Wagdi, aliyeitwa kwa ajili ya Ubaid, alifika kukuta watu wakinawa.

Ilibaki damu ya Dhaifallah. Auda ndiye aliyeimwaga, lakini mkono wa Auda uliongozwa na ulimi wa mlambishaji, na sheria katika hilo haina mashaka. Auda mwenyewe alimkabidhi Ubaid bunduki, kwa heshima zote.

"Haki yako ile pale," akamwambia. "Mchukue."

Ubaid alimpeleka Nusair nyuma ya kilima kidogo cha mchanga. Watu walibaki upande wa pili wakisikiliza. Nusair aliketi mchangani.

"M-m-mkeo hana bangili," akasema Ubaid.

"Nini?"

"Aliyehongwa, mkewe huwa na b-bangili."

"Nimesema hajanilipa."

"Raddad alikuwa analipa. S-siku zote. Hakuwa mtu wa madeni." Ubaid alifuta uso kwa kiwiko. "Hukuhongwa, Ami."

Nusair aliona kwamba mtu yule alikuwa akimpa uhai wake mkononi. Angesema tu, hapana, sikuhongwa. Upande wa pili wa kilima walikuwapo wajukuu wa watu wa milimani, wamekuja kama mashahidi, vijana wazuri, wapwa na wajomba wamekaa bega kwa bega.

"Nilihongwa," akasema. "Na usimwambie mtu vinginevyo."

"Kaka yangu a-alikufa bure, basi."

"Ndiyo."

"Ulijua siku ile?"

Hapo Nusair hakuweza kusema uongo wa pili. "Nilijua. Nikasema kile ulimi ulichoonyesha."

Wale wa upande wa pili walianza kukohoa. Ubaid alipozungumza, hakukwama popote. "Mwenye damu ndiye anayepima. Mkono gani unashika chuma?"

Nusair aliunyosha wa kulia, akauweka juu ya jiwe. Ubaid aliweka mtutu katikati ya kiganja, akageuza uso, akafyatua. Vidole viwili vilikwenda navyo havikuonekana tena, na vipande vya jiwe vikaingia shavuni. Nusair alisikia sauti ya mnyama ikipiga kelele karibu, akamwonea huruma, kisha akatambua ni nani. Ubaid alifungua kilemba chake mwenyewe akaifunga ile nyama iliyobaki, akaikaza kwa meno, akapanda kilima.

"Nimechukua," akawaambia.

Nusair hakufa, ingawa kwa majuma kadhaa ilikuwa shauri la bahati. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa kumbusu begani walipita wakitema mate, na wanawake waliwatisha watoto kwa jina lake: nyamaza, nitakupeleka kwa aliyeuza ulimi. Kapteni Wagdi alifungua faili la kifo cha Raddad, mtuhumiwa wa kwanza akiwa jangwa, akalifunga. Alipita siku moja na kilo mbili za sukari kama zawadi kwa mgonjwa. Hisna alizipokea, akashukuru, akawagawia majirani.

Chuma kilikwenda kwa Muqbil, mwana wa kaka yake Nusair, mtu wa makamo mwenye ndevu na wasiwasi. Alikuja kujifunza na kusimama mbali kidogo, asije akaonekana anamheshimu sana mwalimu wake. Hisna alikuwa akimlisha mumewe tonge kwa tonge, mkono wake wa kushoto ukiwa bado haujajua njia ya mdomoni.

"Nikiache motoni mpaka kiwe vipi, Ami?"

"Mpaka uone rangi ya nyanya inayoanza kuoza. Wasukutue kwa maji ya kisima, si ya birika. Usiwatazame usoni wakilamba."

"Na baadaye?"

"Unasema kile ulimi unachoonyesha."

Muqbil alikigeuza chuma mikononi. Alionekana kuwa na swali na kuona haya kuliuliza, kwa kuwa lilikuwa swali la mtu wa mjini.

"Asiye na hatia," akasema mwishowe, "haungui kweli?"

Hisna alisimamisha tonge hewani, akamtazama mumewe.

"Haungui," akasema Nusair, akafungua mdomo apokee chakula.